Madebe mawili ya dagaa: kwa ndugu aliyeuliza kama aache biashara

Bwana Yesu asifiwe, mdogo wangu uliyeuliza, na wengine nyote salaam.

Nimelisoma swali lako mara tatu kabla ya kuandika. Umesema kwamba umeokoka miezi minne iliyopita, kwamba unauza dagaa hapa Kigoma kwa mtaji wa shemeji yako, kwamba mizani mnayotumia imechezewa na wewe unalijua jambo hilo, na kwamba hujui kama kumfuata Yesu kunakudai uiache biashara yote au uendelee nayo kimya kimya huku ukiomba. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika. Wengine wamekuambia uondoke leo leo kama Petro alivyoziacha nyavu. Wengine wamekutuliza kwamba Mungu huangalia moyo. Mimi sikubaliani na upande wowote, na sababu zangu nilizipatia mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi ya uvuvi inaposhusha mzigo, ambako nimenunua na kuuza dagaa kwa miaka 19, na katika hiyo, miaka 11 ya kwanza nilikuwa mwizi anayeimba kwaya.

Nieleze kwanza wizi wenyewe, kwa kuwa asiyeijua kazi hii anaweza kudhani nilivunja duka la mtu. Nilikuwa na madebe mawili. La kununulia lilikuwa limegongwa kitako kwa nyundo kutoka ndani hadi kikatuna nje, na la kuuzia limegongwa kutoka nje hadi kikaingia ndani. Ukiyatazama kwa mbele yanafanana kama watoto pacha. Kwenye mchanga wa mwaloni debe lenye kitako kilichotuna hukaa imara bila kuyumba, ndiyo maana siku zote nilinunulia mchangani, kwa akina mama wanaoanika, na kuuzia juu ya meza. Tena kulikuwa na mchanga wenyewe: dagaa walioanikwa juu ya chanja hutoka safi, lakini walioanikwa chini hubeba mchanga, na ni uamuzi wa muuzaji kuupepeta au kuuacha uende Tabora na Dar es Salaam kwa treni pamoja na mzigo. Mimi niliuacha uende. Wala hakuna aliyeuita wizi. Tulisema ni ujanja wa soko, au kufidia hasara, au kwamba kila mtu hufanya hivyo, na kwa majina hayo nililala usingizi mzuri sana.

Fungu la kumi nilitoa kwa uaminifu. Nililihesabu hadi shilingi ya mwisho, pamoja na faida iliyotoka kwenye kitako cha debe.

Aliyenizindua hakuwa mchungaji. Alikuwa mzee mmoja wa Ujiji, Mwislamu, mteja wangu wa miaka mingi, ambaye siku moja alikuja na debe lake mwenyewe na kuniomba nimimine humo dagaa niliokwisha kumpimia. Nikamimina. Hawakujaa, walibaki chini ya mdomo wa debe kwa upana wa vidole vinne hivi. Hakupaza sauti, na wenzangu wa meza za jirani hawakujua lililotokea. Aliniambia tu, "Mama, sisi katika Kurani tuna sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Ninyi kwenye kitabu chenu hamna?" Nikamjibu kwamba tunayo, ingawa wakati ule sikuweza kumwonyesha hata mstari mmoja. Usiku ule nilitafuta kwa taa ya simu hadi nikafika Kumbukumbu la Torati sura ya 25, mahali ambapo Waisraeli wanakatazwa kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja kubwa na moja dogo. Nilifunga Biblia. Mawe yale nilikuwa nayo, yamelala kibandani, moja juu ya lingine.

Sasa nirudi kwenye swali lako la kuacha au kutoacha. Wanaokutajia Petro wanasahau kwamba nyavu zake hazikuwa na kosa lolote. Aliziacha kwa sababu aliitwa kwenye kazi nyingine, na katika Yohana 21 tunamkuta tena ziwani usiku kucha, na Yesu anamngoja ufukweni akiwa amewasha moto wa makaa na kuweka samaki juu yake, bila kumkaripia kwa kurudi majini. Andiko linalokuhusu wewe, kwa maoni yangu, ni Luka 3. Watoza ushuru wanamwendea Yohana Mbatizaji na kumwuliza swali lako hili hili, "Tufanye nini?" Naye hawaambii waache kazi. Anawaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Jibu hilo linaonekana jepesi hadi ukumbuke kwamba watu wale walikuwa wakiishi kwa ile ziada. Kuikata ziada kulikuwa ni kukata faida yenyewe, huku mtu akibaki palepale, kwenye meza ileile, mbele ya watu walewale waliokuwa wakimchukia. Nakwambia kwa uzoefu kwamba kuondoka ni rahisi kuliko hivyo. Nilipozinduka, jambo la kwanza nililotamani lilikuwa kuhamia kwenye vitenge, mahali ambapo hakuna anayenijua.

Na wale wanaokuambia kwamba Mungu huangalia moyo, wasome maneno hayo yalikotoka. Yamo katika Samweli wa Kwanza 16, pale Samweli alipovutiwa na umbo na kimo cha Eliabu akidhani ndiye mfalme. Hayakuandikwa ili kufunika mizani mbovu.

Kuyaacha madebe yale kulichukua asubuhi moja. Nilinunua jipya moja, nikaanza kununulia na kuuzia lilelile. Kilichonitesa ni kurudisha, na jambo hilo sijaona mtu yeyote akikutajia. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, hakuishia kusema, "Kuanzia leo sitadhulumu." Alisema atarudisha mara nne. Nilipomweleza mchungaji wetu habari yangu, alinionyesha kwamba Torati iliweka viwango viwili: katika Walawi 6, aliyedhulumu na kujirudi hulipa alichochukua na kuongeza sehemu ya tano, lakini katika Kutoka 22, aliyeiba kondoo akamchinja au akamwuza hulipa kondoo wanne kwa mmoja. Zakayo hakukamatwa na mtu, na bado alijichagulia kile kizito. Mimi nilichagua sehemu ya tano. Mara nne ilikuwa juu ya uwezo wangu, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Nilichukua daftari nikaandika majina ya akina mama niliokuwa nikinunua kwao mara kwa mara, nikakadiria miaka na idadi ya madebe kwa kadiri kumbukumbu ilivyonisaidia. Yalikuwa majina 14. Nilitembea nyumba kwa nyumba kwa muda wa miezi saba, kila nilipopata fedha kidogo. Mmoja alipokea akanitazama, kisha hakuniuzia tena dagaa hadi leo, na ana haki yake. Mwingine alikuwa amefariki, nikawakabidhi watoto wake, ambao hawakuelewa fedha ile ni ya nini na walinikaribisha chai. Lakini aliyenifundisha zaidi ni mama mmoja wa Katonga, ambaye nilipomaliza kuungama huku machozi yananitoka, alicheka hadi akashika mbavu. Alisema alilijua debe langu tangu mwaka wa kwanza, na kwa hiyo kila alipokuwa akiniletea mzigo aliupakia kwa ujanja, wakavu juu na wenye unyevu chini, ili tulingane. Kwa miaka yote ile tulikuwa tukiibiana sawasawa, na wanaokula ndio waliopata dagaa waliovunda. Naye siku ile alisema hatafanya tena, na hajafanya.

Wateja wa treni sikuweza kuwapata. Kwa hao, mchungaji alinikataza kabisa kuziingiza fedha zao katika fungu la kumi, akisema madhabahu si mahali pa kusafishia fedha za watu. Nilikuwa nikinunua unga, maharage na sabuni na kuwapelekea wagonjwa wa hospitali ambao hawakuwa na ndugu wa kuwahudumia. Nilifanya hivyo hadi dhamiri iliponipa nafasi.

Hapa sitaki kukudanganya, maana wapo watakaokuambia kwamba ukinyoosha njia zako fedha zitafuata kama mvua ya masika. Katika giza la kwanza baada ya kubadilisha debe, faida yangu ilishuka chini ya nusu. Unajua mwenyewe jinsi kazi yetu ilivyo: wavuvi hutegemea usiku usio na mwezi ili taa zao ziwavute dagaa, kwa hiyo usipopata katika giza, mbalamwezi itakukuta mikono mitupu. Mwanangu wa pili alirudishwa nyumbani kwa ajili ya michango, na baba yake, ambaye ni mtu mpole, aliniuliza kwa upole kama Mungu anakula dagaa. Baadaye akina mama wa kuanika walianza kuniletea mzigo wenyewe, kwa sababu habari za debe hutembea haraka mwaloni, na wingi ule ndio ulionisimamisha tena. Hata hivyo, baadhi ya wenzangu waliobaki na madebe yao ya zamani wameshajenga nyumba Mwanga, hapa hapa mjini, na mimi ukuta wa uani bado haujaisha. Kama ungekuwa ukitafuta njia ya kutajirika, ningekushauri vingine.

Tena usidhani kwamba nilimaliza siku nilipomaliza daftari. Mwaka 2024, serikali ilipofunga shughuli za uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, bei ilipanda, na watu wakaanza kupita usiku na dagaa wasiojulikana walikotoka. Wa kwanza nilimkataa. Wa pili nilimkataa. Wa tatu alikuja wiki ambayo sikuwa na chochote kibandani, nami nikanunua viroba viwili bila kuuliza, na nikajiambia kwamba debe langu ni la haki, kwa hiyo kipimo hakina tatizo. Nilitumia uaminifu wangu wa zamani kununulia kosa jipya. Tangu hapo nimeuelewa kwa namna nyingine ule mstari wa Luka 9:23, ambapo Yesu anasema mtu ajitwike msalaba wake kila siku na kumfuata. Mathayo na Marko wameyaandika maneno hayo pia, lakini "kila siku" ni Luka peke yake aliyeiweka. Mimi nilidhani msalaba wangu ulikuwa lile debe, na kwamba nilikuwa nimeshautua.

Sasa, kuhusu shemeji yako. Mizani si yako peke yako, na mtaji si wako, kwa hiyo usiamke kesho ukaivunja mbele ya wateja kisha ukajiita shujaa wa imani. Mtu huyo alikuamini na fedha zake ulipokuwa huna kitu. Mfuate mkiwa wawili tu, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza, na usianze na dhambi zake; anza na za kwako, kwamba wewe ndiye unayepima na mkono wako ndio unaopunja. Mwombe mizani irekebishwe na ipelekwe Wakala wa Vipimo ikakaguliwe na kubandikwa stika. Mwambie pia kwamba pungufu litakalotokea lianze kukatwa kwenye fungu lako kabla ya kugusa la kwake, kwani maneno ya wokovu yasiyomgharimu msemaji hayamshawishi mfanyabiashara. Mpe muda wa giza moja au mawili aone hesabu. Akikataa kabisa, hapo ndipo neno la kuondoka linapopata mahali pake, na uondoke ukiwa umemrudishia mtaji wake wote, hata kama itakubidi ubebe mizigo ya watu kwa miezi kadhaa. Kibirizi hakuna uhaba wa mizigo ya kubeba.

Umeuliza pia kama unaweza kuendelea kuimba kwaya wakati jambo hili halijaisha. Mimi niliomba kukaa nje kwa muda, kwa sababu Mathayo 5:23 na 24 inamtaka mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu akapatane kwanza na ndugu yake, na sauti yangu niliiona ni sadaka kama nyingine. Mchungaji wako anaweza kuona tofauti, msikilize yeye.

Ila usichelewe kuzungumza na shemeji. Hizi siku za mbalamwezi mwalo umetulia na watu wana nafasi ya kukaa na kusikilizana. Giza likiingia na mzigo ukaanza kushuka, hutampata akiwa na dakika tano za kukusikiliza, na wewe mwenyewe utakuwa umeshaishika mizani.