Muhuri Mnautaka, Mkutano Hamuutaki

Barua zenu za wiki hii kuhusu serikali za mitaa ni nyingi, na nusu yake ni za barabara. Za barabara nimezijibu kwa mpigo mmoja huko chini. Zilizoandikwa kwa herufi kubwa tupu, kama mtu anayefoka, nimeziweka pembeni zipoe.

Shikamoo mzee. Nilifuata barua ya utambulisho ofisi ya mtaa ili niipeleke benki, nikaambiwa nitoe 5,000 ya muhuri. Ni halali?

Marahaba. Risiti ulipewa? Barua za namna hii napata kila mwezi na hakuna hata mmoja wenu anayetaja risiti. Ada ya halmashauri huwekwa kwa sheria ndogo, na ukilipa unapewa kontrol namba au kikaratasi kinachotoka kwenye mashine ya POS. Elfu tano iliyoingia mfuko wa shati haijaingia serikalini. Siku nyingine omba uoneshwe hiyo sheria ndogo, kwa heshima, bila kupandisha sauti. Nimewahi kukaa kwenye benchi la ofisi moja nikaona kijana akiomba hivyo. Muhuri uligongwa hapo hapo, bure, na wino ulikuwepo tele.

Na hili hukuuliza, lakini nitalisema: balozi wa nyumba kumi si ngazi ya serikali. Tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, balozi ni wa chama chake. Kukufahamu anakufahamu, na ujirani mwema ni jambo zuri, ila ofisi ya mtaa ni ya wakazi wote, wenye kadi ya chama na wasio nayo.

Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa mtaa, nani mkubwa?

Mwenyekiti mlimchagua tarehe 27 Novemba 2024, wale mliotoka kwenda kupiga kura. Mtendaji ameajiriwa. Mkichoshwa na wa kwanza, mngojeeni 2029. Wa pili ana mwajiri, mwandikieni mkurugenzi wa halmashauri.

Barabara yetu imekatika tangu masika. Diwani anapita na pikipiki yake anatuangalia tu. Tumfanye nini?

Nimelijibu hili mara ngapi? Barabara za mitaani tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Diwani hana greda, hana moramu, na hata mkurugenzi akiamka na huruma nyingi hawezi kuagiza kalvati lenu lijengwe kesho. Ofisi ya TARURA ya wilaya ipo. Peleka barua yenye majina na sahihi za wakazi, taja jina la barabara na mahali ilipokatika, bandika na picha, chukua nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kisha nakala hiyo mpe diwani ili kwenye baraza awe na karatasi ya kushika. Diwani anayesimama na karatasi na diwani anayesimama na malalamiko ya jumla hawasikilizwi sawa.

Nimekwenda kuiona barabara mojawapo, kwa sababu mwandishi wake aliapa kwamba ni hujuma. Maji yamekula ukingo wa kushoto mpaka bomba la maji limebaki linaning'inia hewani. Hatua thelathini kabla ya hapo kuna mtaro. Ndani ya mtaro nilikuta kiroba cha maganda ya nazi, godoro, na mlango wa friji. Mlango wa friji, jamani! Maji yakikosa njia yanajitafutia, na yamejitafutia katikati ya barabara yenu. Kwenye ile barua ya TARURA msiandike hujuma.

Mimi ni mpangaji. Kila mwezi nikinunua umeme nakatwa kodi ya jengo. Nyumba si yangu. Kwa nini nilipe?

Hupaswi kulipa. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Tangu 2021 inakusanywa kupitia LUKU kwa sababu mita ni rahisi kuipata kuliko mwenye nyumba, basi. Nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Tunza ujumbe wa manunuzi unaoonesha makato, ujumlishe, umpelekee baba mwenye nyumba mkapunguziane kwenye kodi ya pango. Fanyeni hivyo kabla hamjasaini mkataba mwingine, si siku anapokuja kudai na nyote mmenuna. Na kama nyumba moja ina mita tatu zinazokatwa zote, mwenye nyumba aombe irekebishwe: kodi ni ya nyumba, si ya mita.

Manispaa yetu ikipandishwa kuwa jiji tutafaidika nini?

Kibao kipya barabarani. Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapewa hadhi hiyo ya jiji. Watu wa Buguruni walilala manispaa wakaamka jiji, na mitaro ilikuwa ile ile.

Nanunua kiwanja. Mwenyekiti wa mtaa anataka asilimia 10 ya bei ndipo ashuhudie. Nimpe?

Usimpe. Hakuna sheria inayompa mwenyekiti fungu katika mauziano yako. Lakini mimi lenu linanitia hofu zaidi: kwa nini mnadhani muhuri wake ndio hati? Mwenyekiti anaweza kushuhudia kwamba fulani kamuuzia fulani. Hawezi kukuhakikishia kwamba kiwanja hakijauzwa mara mbili, wala kwamba hakimo kwenye hifadhi ya barabara. Nenda idara ya ardhi ya halmashauri kabla pesa haijatoka mkononi. Ukishatapeliwa usije kuniandikia kwamba "serikali ya mtaa ilikuwepo".

Kikundi chetu cha vijana kimeomba mkopo wa halmashauri. Tunaambiwa tumtoe afisa "kidogo" ili faili lisogee.

Piga 113, TAKUKURU, ni bure. Mkopo ule unatokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Hauna riba, na si wa afisa. Halafu mkiupata, urudisheni. Ulisimamishwa 2023 kwa sababu pesa nyingi zilikuwa zimeishia kwenye vikundi hewa na vikundi vilivyogawana kama sadaka ya mwezi, na waliosubiri zamu yao wakabaki wanashangaa.

Mwenyekiti wetu hajaitisha mkutano mwaka mzima. Mapato na matumizi tutayajuaje?

Hatimaye, swali la maana. Mwandikieni mtendaji wa mtaa, yeye ndiye katibu wa vikao, mkidai mkutano na mkiitaja ajenda ya mapato na matumizi kwa jina. Nakala kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi. Mkutano ukiitishwa, basi mfike. Katiba, ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sasa madaraka yanaletwa mpaka chini ya mwembe, saa nne asubuhi, bodaboda imepita na kipaza sauti jana yake, na viti vimejaa watoto.

Mkutano wa mwisho wa mtaani kwetu ulianza saa sita kwa kungoja watu. Mtendaji akasoma haraka haraka: ulinzi shirikishi kiasi kadhaa, usafi kiasi kadhaa, shajala 180,000. Mama mmoja muuza vitumbua, aliyekuja na beseni lake, akanyoosha mkono. "Samahani mwanangu, shajala ndio nini?" Akajibiwa: daftari, kalamu, karatasi. "Daftari ngapi?" Mtendaji akafunua ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza, akafunua tena. Mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda inayofuata. Mama hakukaa. Alisimama na beseni kiunoni mpaka akaahidiwa kwamba mchanganuo utabandikwa.

Ulibandikwa Alhamisi, ubaoni, pamoja na nakala za risiti. Nilikwenda kuusoma nikamkuta pale, anauliza tena, safari hii kuhusu tochi za sungusungu. Waliokuwa kwenye foleni ya barua za utambulisho nyuma yetu walikuwa wanamwona anawachelewesha.

Ofisi ya mtaa inafunguliwa saa ngapi?

Karatasi ya mlangoni inasema saa moja na nusu. Nenda saa tatu.