Weusi, mng'ao na vanishi: majibu ya maswali yenu

Picha zangu nyeusi na nyeupe zinapendeza nikizitazama moja kwa moja. Nikiziinamisha kwenye mwanga wa dirisha, weusi unageuka rangi ya shaba na weupe unang'aa kivyake. Je, printa imeharibika?

Printa yako ni nzima. Unachoona ni kasoro mbili, na watu wengi huzichanganya.

Katika picha za filamu zinazosafishwa kwenye chumba cha giza, madini ya fedha yanayofanya weusi yamezama ndani ya gelatini, hivyo uso unaopokea mwanga ni mmoja kutoka kivuli hadi mawingu. Wino wa pigmenti, yaani wa chembe ndogo za rangi, hauzami. Chembe zake zinalala juu ya karatasi ya glosi (inayong'aa): penye wino unaona mng'ao wa wino, pasipo na wino unaona mng'ao wa karatasi, na viwili hivyo havilingani. Hiyo ndiyo kasoro ya kwanza. Ya pili ni hiyo shaba: chembe zenyewe zinarudisha mwanga wenye rangi. Picha ya rangi huificha kwa sababu imejaa rangi tayari, lakini ya kijivu haina pa kuificha.

Mambo huwa mabaya zaidi printa inapotengeneza kijivu kwa kuchanganya wino wa rangi. Ndiyo maana wino wa UltraChrome K3 wa Epson, uliotoka mwaka 2005 ukiwa na ngazi tatu za weusi, ulikuwa hatua kubwa kwetu. Kama printa yako ina hali maalumu ya nyeusi na nyeupe, itumie. Wengine huongeza kimiminika kisicho na rangi cha kusawazisha uso: Canon walikiweka kwenye PIXMA PRO-1 mwaka 2011, wakakiita Chroma Optimizer. Kwenye mipangilio chagua kifunike ukurasa wote, la sivyo huenda ukaona mpaka wake pembeni ya picha. Jon Cone, Mmarekani aliyeanzisha wino wa kaboni wa Piezography, alichukua njia ndefu zaidi: unachapa, unaacha pakauke, kisha unairudisha karatasi ndani ya printa ipakwe kimiminika hicho peke yake. Inachosha, lakini matokeo yake nayapenda kuliko ya mkebe wowote wa vanishi ya kupuliza.

Vanishi gani ni bora kwa picha nyeusi na nyeupe?

Swali hili linakuja kila mara, na kila mara mwulizaji hataji karatasi wala wino. Bila hivyo viwili siwezi kukujibu, na muuzaji anayekujibu bila kuuliza anataka kumaliza mzigo wake.

Vanishi huja mwisho. Haiponyi karatasi iliyochaguliwa vibaya wala wino mweusi usio wake. Vanishi ya maji inafaa turubai. Karatasi nyepesi itajikunja. Kwa karatasi tumia ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili ya picha za wino. Puliza tabaka jembamba, acha likauke, geuza karatasi upulize kwa mkato mwingine. Tabaka moja zito litaacha madoa, na hayafutiki. Jaribu kwanza kwenye chapa iliyoharibika. Pulizia penye hewa ya kutosha, ukiwa umevaa barakoa ya kuzuia mvuke wa kemikali. Kitambaa cha kuzuia vumbi hakitoshi: mapafu yako yana thamani kuliko picha.

Dawa ya kupuliza nywele je?

Hapana. Haikutengenezwa kudumu kwenye karatasi.

Kwa nini weusi wangu kwenye karatasi ya mati (isiyong'aa) ni kijivu?

Kwanza hakikisha unatumia wino mweusi wa mati. Mweusi wa glosi ukiwekwa kwenye mati unafifia, na mweusi wa mati ukiwekwa kwenye glosi unafutika kwa kidole hata baada ya siku kadhaa. Pili, angalia kama umeiambia printa aina sahihi ya karatasi. Nusu ya malalamiko ninayopokea yangeisha hapo.

Baada ya hayo, ukubali maumbile ya uso wenyewe. Uso laini hurudisha mwanga upande mmoja, nawe unasogea kidogo kuukwepa. Uso wa mati huutawanya kila upande, kwa hiyo sehemu yake inakufikia jichoni popote ulipo na kuufifisha weusi. Mati nzuri hufika densiti (kipimo cha weusi) ya 1.6 hivi, yaani inarudisha asilimia 2.5 ya mwanga. Glosi nzuri hufika 2.3, asilimia 0.5. Lakini usikimbilie glosi kwa sababu ya tarakimu. Picha ya ukungu, ya uso wa mzee, ya ukuta uliochakaa, mara nyingi inasema zaidi kwenye mati.

Kioo cha fremu kimepata utando kwa ndani. Ni unyevu?

Yaelekea ni glaikoli, kiyeyushi kinachotoka polepole kwenye wino. Karatasi yenye tabaka za plastiki haipitishi kitu kwa nyuma, hivyo mvuke wote hutokea mbele na kuganda kwenye kioo. "Imekauka papo hapo" maana yake haichafui mkono tu. Funika picha kwa karatasi ya kawaida kwa saa 24, ukiibadilisha ikianza kujikunja, ndipo uweke fremu. Subiri hivyo hivyo kabla ya kupuliza vanishi.

Nilamineti (nifunike kwa plastiki) badala ya kupuliza?

Bango la kushikwashikwa, sawa. Picha ya kuhifadhi, usithubutu: plastiki ikianza kubanduka, itaondoka na wino.