Maswali ya Wasomaji: Maganda ya Vitunguu Yasitupwe

SWALI: Tunatengeneza achari jirani na Soko la Mgandini, Tanga, na maganda ya vitunguu yanajaa magunia. Nasikia yana antioksidanti, zile kemikali zinazozuia mafuta yasichache. Nimeyachemsha kwa maji, yametoa rangi hafifu tu. Nitumie spiriti ya dukani? Na maganda ya nyanya je?
Msomaji, Tanga

JIBU: Spiriti ya dukani hapana kabisa. Mara nyingi imetiwa methanoli, inayopofusha na kuua. Tafuta ethanoli ya chakula (alkoholi ile iliyomo kwenye vileo) ya asilimia 96.

Maji yamekuangusha kwa sababu kwesetini, antioksidanti kuu ya ganda la kitunguu, haiyeyuki vizuri ndani ya maji. Ethanoli tupu nayo hailainishi kuta za seli za ganda, kwa hiyo kwesetini nyingi hubaki ndani. Vikichanganywa, kimoja kinafungua mlango na kingine kinatoa mzigo. Pima mililita 625 za ethanoli, ongeza maji safi mpaka ifike lita 1. Hiyo ni asilimia 60.

Chagua maganda makavu ya nje. Yenye unga mweusi yatupe, hiyo ni kuvu, na sumu yake inaweza kutoka pamoja na kwesetini. Kausha kivulini au kwenye kikaushio kisichozidi nyuzi 50, kisha saga mara tu yakikauka, maana hewa ya pwani huyarudishia unyevu upesi.

Loweka gramu 50 za unga katika ile lita 1, kamulia ndimu kidogo (kwesetini huharibika haraka penye magadi), funika, weka ndani ya maji ya nyuzi 55 hadi 60 kwa saa moja ukikoroga. Tumia chombo cha kioo au chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida hushikana na kwesetini na rangi ikawa nyeusi. Jiko liwe la umeme lisilotoa cheche, na madirisha yawe wazi. Mvuke wa ethanoli hudaka moto hata kwenye joto la kawaida la Tanga, basi mkaa na gesi visikaribie.

Chuja, kisha keneka, yaani chemsha na upoze mvuke urudi kuwa maji, ili upate ethanoli yako tena. Joto la mvuke likikaribia nyuzi 99 ujue imekwisha (Lushoto, kwa kuwa ni juu, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi). Hapa ndipo wengi hupoteza kazi yote: ethanoli ikitoka, kwesetini huzama chini kama tope la manjano, nao humwaga tope hilo (mashapo) na kuhifadhi maji. Hifadhi mashapo, yakaushe, yaweke gizani kwenye chupa iliyofungwa.

Nyanya ni habari nyingine. Laikopeni, ile rangi nyekundu, haitoki kwa mchanganyiko huu. Kausha maganda, yasage, yaloweke kwenye mafuta ya alizeti yenye joto la nyuzi 60, kisha chuja. Mafuta hayo unaweza kuyatumia moja kwa moja kwenye achari. Kwesetini ya kitunguu usiitie kwenye bidhaa ya kuuza kabla ya kuwauliza TBS, Shirika la Viwango Tanzania.