Maswali na majibu: Je, mvinyo wa bayodinamiki huongeza damu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Shemeji amerudi kutoka Ufaransa na chupa ya Château Pontet-Canet ya mwaka 2010. Mama yangu ana miaka 67 na damu yake imeshuka hadi 8. Jamaa anayeuza mvinyo mtaani kwetu ameiona chupa, akasema hiyo ndiyo yenyewe: ni ya bayodinamiki (aina ya kilimo hai), haina kemikali wala sulfaiti (kihifadhi cha mvinyo), na shamba lake linatumia mitishamba na pembe za ng'ombe. Nimpe mama glasi asubuhi na jioni. Chini kuna mashapo meusi, naye anasema ndiyo dawa, nitikise kwanza. Ni kweli, au mvinyo umeharibika?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Mashapo si dalili kwamba umeharibika. Usiutikise, na mama usimpe.

Mashapo ni tanini, ule ukakasi wa maganda na mbegu, na rangi ya zabibu ambazo kadiri miaka inavyokwenda hushikana, zikawa nzito na kuzama. Ukiyatikisa utakunywa uchungu na chengachenga. Simamisha chupa siku nzima kabla ya kuifungua, kisha mimina polepole kwenye jagi la kioo huku umeweka taa chini ya shingo ya chupa. Ukiona uzi mweusi unaanza kusogea kuelekea mdomoni, acha hapo hapo. Kinachobaki mwaga.

Sasa huyo jamaa. Pontet-Canet ni shamba la Pauillac, huko Bordeaux, lenye historia tangu karne ya 18 na lililoingizwa kwenye madaraja ya ubora ya mvinyo wa Bordeaux ya mwaka 1855. Familia ya Tesseron ililinunua 1975, ikaanza bayodinamiki 2004, na mavuno ya 2010, hayo uliyonayo, yalipata cheti. Farasi wanalima kati ya mistari ili trekta zisishindilie udongo. Ni mvinyo mkubwa, sibishani na hilo.

Pembe za ng'ombe zipo kweli. Zinajazwa samadi, zinafukiwa majira yote ya baridi, kisha samadi ile inakorogwa kwenye maji kwa saa moja na kunyunyiziwa udongoni. Mitishamba nayo, kama kamomili na upupu wa Ulaya, inawekwa kwenye mboji. Umeona inakoishia? Shambani. Hakuna anayeitia kwenye pipa. Utaratibu huo ulitokana na mihadhara ya mwanafalsafa Rudolf Steiner ya mwaka 1924, nayo ilihusu kilimo. Kuna wanaoukubali na kuna wanaoucheka, lakini hata waumini wake hawajawahi kuniambia kuwa samadi ya kwenye pembe inatibu upungufu wa damu.

“Haina kemikali” nayo ni ya kuuzia tu. Wakulima hao hupulizia shaba na salfa dhidi ya ukungu. Ulaya imeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta ndani ya miaka 7. Mwaka 2007 mvua zilipozidi na ubwiri vinyoya, ugonjwa wa mizabibu, ukaingia, Pontet-Canet wenyewe walirudi kwenye dawa za viwandani ili kuokoa mavuno. Kuhusu sulfaiti, geuza chupa usome mgongoni. Sheria ya Ulaya inadai zitajwe zikizidi miligramu 10 kwa lita, na hamira yenyewe huzitoa kidogo wakati zabibu zinachacha. Mvinyo mwekundu mkavu wa kawaida unaruhusiwa hadi 150, wa kilimo hai hadi 100. Hakuna sheria iliyosema sifuri.

Hayo yote ningeyavumilia. Nisilovumilia ni hili la damu, maana nalisikia kila wiki, na mara nyingi chupa yenyewe wala haitoki Bordeaux: ni ya Dodoma, au ya rosela iliyochachushwa uani. Watu wanaona wekundu wanaona damu. Wekundu huo uko kwenye ganda la zabibu. Kamua zabibu nyeusi za Cabernet Sauvignon ukatenga maganda mara moja, juisi itatoka karibu nyeupe. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo ni miligramu chache tu kwa lita, na tanini inazuia mwili kuyafyonza yale ya kwenye maharage na mchicha. Ndiyo maana kliniki wanakukataza kushushia vidonge vya chuma kwa chai ya rangi. Mvinyo wako wa Pauillac una tanini nyingi kuliko chupa nyingi utakazokutana nazo.

Halafu kuna pombe yenyewe. Inausumbua uboho unaotengeneza damu, inapunguza folati, vitamini ya kutengenezea damu, na inachokoza tumbo. Mama wa miaka 67 mwenye himoglobini 8 anaweza kuwa anavuja damu tumboni bila kujua, na wewe unataka kumwekea pombe juu ya kidonda, tena asubuhi kabla ya uji! Mpeleke hospitali watafute damu inakokwenda. Chupa kunyweni watu wazima wenye afya siku ya sherehe, au mrudishie shemeji. Inauzwa bei nzuri.

Walio hatarini zaidi ni waliojifungua. Bado kuna nyumba ambazo mzazi analetewa chupa na mawifi, “unywe urudishe damu”, huku ananyonyesha na pombe inapita kwenye maziwa hadi kwa mtoto. Wajawazito wanaanzishiwa mapema zaidi, kwa kijiko, eti ni kidogo. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya, na hapo halikuwa likizungumzia wajawazito peke yao. Kama kuna mtu nyumbani mmemwanzishia, acheni leo. Mpelekeni kliniki apimwe damu, na vidonge vya FEFO (vya chuma na folati) alivyopewa avimeze kwa maji.