Kwa nini mtafiti wa figo ang'ang'anie mitokondria?

Umeuliza inakuwaje mtu amalize miaka yake yote ya utafiti kwenye mitokondria, yaani vijisehemu vya ndani ya seli vinavyoizalishia nishati, wakati anachotaka kuelewa ni figo zinazoumia ghafla. Angalia kazi yenyewe: figo mbili huchuja takribani lita 180 za majimaji kwa siku, na mkojo unaotoka ni lita moja au mbili tu. Yaliyobaki hurudishwa kwenye damu, sehemu kubwa na seli za mwanzo wa mirija ya figo. Zitazame kwa hadubini ya elektroni: kwa kuwa kazi hiyo inakula nishati nyingi, upande wa chini zimejaa mitokondria ndefu, zimesimama bega kwa bega. Damu isipofika vizuri, mitokondria hizo huvimba na kukatika vipande mapema, ilhali kreatinini, taka ya kwenye damu inayopimwa ili kujua hali ya figo, huchelewa kupanda, pengine siku nzima au zaidi. Pengo hilo ndilo linaloniuma, maana mgonjwa anaonekana salama huku seli zake zinakufa. Sisplatini, dawa ya saratani, nayo huziumiza seli hizohizo. Ndiyo maana watu hukaa maabara miaka na miaka wakitafuta namna ya kuisaidia seli itengeneze mitokondria mpya kabla haijafa.