Mama abaki nyumbani au aende kituo?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mama kapata stroki, katoka hospitali ila upande wa kulia hauna nguvu na akinywa maji anapaliwa. Kaka anataka aende kituo cha wazee, mimi nataka dada wa kazi amwangalie nyumbani. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Kwanza andikeni mama anaweza nini mwenyewe na nini hawezi, asubuhi mpaka usiku, maana usiku ndo watu wanausahau. Huko kupaliwa kunanitia wasiwasi kuliko hata mkono, maji yakiingia kwenye mapafu anaweza kupata nimonia, kwa hiyo mwambieni daktari leo leo apimwe kumeza, na anayemlisha afundishwe amkalishe wima, ampe kidogo kidogo asimharakishe. Dada anayepika na kufua hatoshi jamani, mtu wa kugeuzwa kitandani asipogeuzwa anatoka vidonda, na mazoezi ya viungo miezi hii ya mwanzo msiyaache kabisa. Mkipata mtu aliyefundishwa na nyie mkapokezana, nyumbani panafaa. Mkishindwa, tafuteni kituo, ila nendeni saa ya kula mjionee wanavyowalisha wagonjwa. Na mama mwenyewe mmemuuliza? Hata kama maneno hayatoki vizuri, muulizeni.