Kiwanja changu cha Mkundi, Morogoro, kiliishia kwenye gozi na bandeji

Jumapili usiku nimetoka kufunga oda ya sare za shule, miguu inawaka moto, nikafungua simu nikakuta meseji ya dada mmoja msomaji wangu. Ameniruhusu niiweke hapa: "Mama Zuhura, mdogo wangu amelazwa, leo siku ya nne. Ngozi inabanduka kama ameungua, mdomo wote vidonda. Tumeandikiwa vitu vya kununua karatasi nzima. Tuna shamba la marehemu baba, ekari moja na nusu. Tuuze?"

Niliiweka simu kifudifudi. Chakula kilinishinda.

Ninyi mnanijua kwa habari za cherehani. Mnajua nilivyoanza na moja ya miguu, mnajua tenda ya sare, mnajua leo nina mashine sita na mabinti watatu wanaokula kwa jasho lao. Ambacho sijawahi kuwaeleza ni kwa nini mwaka 2021 nilipotea miezi minne. Wengine mlidhani nimesafiri. Mmoja alitangaza kwenye kikoba kwamba nimefilisika na nimewakimbia. Dada yangu, nilianzia wodini, nahesabu gozi, vile vitambaa vyepesi vya kufunikia vidonda.

Ilianza na kidole gumba cha mguu cha Baba Zuhura. Kilivimba, kikawa chekundu, shuka likigusa tu anapiga kelele. Mwenzake wa gereji akamwambia hiyo ni gauti, kuna vidonge vinaitwa alopurinoli, meza kimoja kila siku utanishukuru. Akavinunua duka la dawa, bila cheti wala kipimo. Nilifurahi, kwa sababu ilitugharimu pesa kidogo kuliko kumwona daktari. Mimi na hesabu zangu za kubana matumizi!

Wiki ya tatu akapata homa. Macho mekundu, koo linauma, mwili umechoka. Tukasema malaria. Kipimo kikasema hapana. Kwenye zahanati ya kwanza wakasema aleji, akachomwa sindano, akapewa na vidonge vingine. Hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani nyumbani, na sisi hatukusema, maana vidonge vya mguu na homa wapi na wapi? Kila usiku mimi mwenyewe ndiye niliyemletea kile kidonge na glasi ya maji, ili mguu usije ukarudia. Hilo linanichoma mpaka leo kuliko pesa zote nitakazozitaja hapa.

Siku mbili baadaye midomo ikapasuka na kuganda damu nyeusi. Kifuani yakaota mabaka, yakageuka malengelenge. Wifi yangu akaja, akamtazama, akasema, "Kaka yangu karushiwa kitu." Sikumbishia. Ungebishaje, na mume analia akimeza mate? Tukapanda gari mpaka kwa mganga: shilingi 180,000 na jogoo mwekundu. Mganga akaanza kumpaka mafuta mgongoni, na ngozi ikamfuata kiganjani, kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Akarudi nyuma, akanawa mikono, akatuambia mpelekeni hospitali haraka. Pesa hakurudisha, wala jogoo.

Hospitalini tulipokewa na tabibu binti mdogo tu, kasomea ngozi Moshi, pale kwenye kituo cha mafunzo kilichopo hospitali ya KCMC ambacho tangu miaka ya tisini kinafundisha matabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Hakumgusa mgonjwa kwanza. Aliniuliza: "Mama, baba alikuwa anatumia dawa gani mwezi huu?" Nikatoa pakiti kwenye mkoba. Akaisoma, akaitia mfukoni mwake, akasema hii asiimeze tena mpaka anaingia kaburini.

Ugonjwa unaitwa Stevens-Johnson, kwa majina ya madaktari wawili wa Marekani walioueleza mwaka 1922. Mwili unaikataa dawa, na hasira yake inaishia kwenye ngozi, mdomo, macho na sehemu za siri. Hauambukizi, ingawa kuna jirani aliyekuja kutuona akasimama mlangoni kajifunika pua na ushungi. Ngozi inayobanduka ikiwa chini ya asilimia 10 ya mwili, ndiyo huo. Ikizidi 30, unaitwa jina jingine na wengi hawatoki. Mume wangu alikuwa katikati. Tabibu akaniambia dawa zinazojulikana kuleta balaa hili ni kadhaa: hizo za gauti, Septrin na ndugu zake wa salfa, baadhi ya dawa za kifafa, nevirapini ya VVU. Watu wengi mno wanazitumia na hawapati kitu. Ukiangukiwa, umeangukiwa. Kinachookoa ni kuiacha dawa mapema, na sisi tulishapoteza siku sita.

Sasa pesa. Hapa ndipo nilipojifunza, mimi niliyejiita mtaalamu wa bajeti.

Nilidhani kutakuwa na sindano moja ya bei kali, tukiipata tumepona. Haikuwepo. Anatunzwa kama aliyeungua moto: maji ya dripu, vidonda visafishwe, macho yaoshwe, ale kwa mpira wa puani, asipate baridi, na mnangoja ngozi iote. Pesa zinaondoka kidogokidogo kwenye vitu ambavyo ukivitazama unaviona si kitu. Gozi ya mafuta, ile isiyonata kwenye kidonda, kwa mgongo wa mwanamume mzima inaisha kama leso za mafua. Bandeji. Glovu boksi zima. Matone ya macho kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Katheta, ule mpira wa mkojo. Vipimo vya figo na damu, vinarudiwa. Siku nyingine nilitoka na 38,000, siku nyingine 60,000, na vingi dirisha la dawa la hospitali walikuwa hawana, kwa hiyo unavuka barabara. Na sisi wauguzaji tunakula, tunapanda bodaboda, tunanunua vocha. Shuka zinafuliwa kila siku, maana zinalowa majimaji na kunata. Siku ishirini na tatu. Hizo za kuvuka barabara peke yake zilipita milioni moja na laki moja, na siku ya kutoka nikapewa kontroo namba ya kulipia shilingi 1,940,000.

Siku ya tisa nilikuwa nimeshamaliza akiba, mtaji na pesa ya upatu. Nikauza mashine ya ovaloki. Siku ya kumi na moja nikampigia dalali wa Mkundi. Kiwanja nilikinunua milioni tatu kwa miaka miwili ya kujinyima. Mnunuzi aliuliza swali moja tu, "Mgonjwa wako yuko hospitali gani?" Kisha akasema anayo milioni mbili na nusu. Nikapokea. Dalali akakata chake.

Sasa sikilizeni, wapambanaji wenzangu, maana hili ndilo lililonikalisha niandike.

Kwenye wodi ya jirani kulikuwa na mama ambaye mtoto wake alimwagikiwa uji wa moto. Tulikuwa tunafua pamoja. Siku moja akaniuliza, "Wewe ustawi wa jamii wamekuandikia ngapi?" Nikamwambia mimi sina shida hiyo, nina biashara. Nilisema hivyo! Kichwa juu, mikono kwenye povu, pesa ya kiwanja kwenye kibindo. Nilijiona nikiingia ofisi ile watu wataniona maskini. Mimi ninayefundisha wanawake kujitegemea nikapange foleni ya msamaha?

Nilienda siku ya mwisho, baada ya ile bili kunizidi. Afisa ustawi, mama wa makamo, alinisikiliza bila haraka. Akaniuliza tumelazwa lini. Nikamtajia. Akavua miwani: "Mwanangu, ungekuja siku ya kwanza tungekaa tukaangalia. Sasa umeshauza kila kitu ndio unaniletea mabaki." Aliandika, bili ikapungua kidogo, iliyobaki nikalipa kwa awamu miezi mitano. Nikatoka pale nikalia chooni.

Kwa hiyo dada, na wengine wote mnaosoma: ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ya serikali uiendee siku ya kwanza. Usingoje bili. Nenda na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, nenda na ukweli wako. Watoto chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza wana utaratibu wao wa msamaha, lakini hata wewe usiye kwenye kundi hilo unaweza kuomba kulipa kidogokidogo. Kuomba siyo kuomba mtaani. Kodi unalipa. Kiburi kilinigharimu kiwanja, na nawaona wengi wenu mna kiburi kilekile, mnakiita kujiamini. Nendeni siku ya kwanza.

Kila karatasi ya vitu vya kununua, muulize nesi: kipi cha leo, kipi cha kesho? Mimi nilikuwa nanunua vyote kwa woga, na vingine tukaviacha wodini havijafunguliwa. Tunza risiti, hata ya glovu. Zangu nilizifunga kwenye mfuko wa rambo na ndizo zilizomfanya yule afisa aamini.

Na bima. Hapa niacheni niseme kwa sauti. CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na kwa rufaa ilikuwa inakufikisha hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Tulikuwa nayo. Iliisha mwezi wa tatu na nikasema nitalipia baadaye, kwanza ninunue jora la kitambaa cha khaki. Elfu thelathini! Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na bado nasikia mtu mwenye simu ya laki nane akisema bima ni ya wagonjwa. Ninyi mnaotaka kujenga, mnaotaka kuagiza mzigo Guangzhou, mnapanga kila kitu isipokuwa kuugua.

Baba Zuhura yupo. Kucha zimeota upya, mgongo una mabaka meusi na meupe, na gereji amerudi, na miwani ya jua hata kukiwa na mawingu. Macho yamebaki makavu, kope zinageuka kwa ndani zinamchoma, kliniki ya macho tunaenda na matone tunanunua. Ndani ya pochi yake kuna kadi ya boksi niliyoikata, nimeandika kwa peni nyekundu jina la ile dawa. Akienda popote anaitoa kabla hajaulizwa. Wifi siku hizi anasema ni mganga aliyetuelekeza hospitali. Namwitikia, "Ndiyo wifi."

Kiwanja cha Mkundi kimefika kwenye linta. Nikipita na daladala nakaa upande wa pili.

Dada wa Jumapili, nilikujibu usiku uleule: shamba msiuze kwanza. Jumatatu saa mbili asubuhi uwe kwenye mlango wa ustawi, na kabla ya hapo mwambie daktari kila kidonge ambacho mdogo wako amekimeza mwezi huu, hata cha kuazimwa kwa jirani. Tiki mbili za bluu nimeziona. Leo Jumatano hujanijibu. Niambie umeenda au hujaenda.